Mawasiliano Baina ya Wazanzibari Walioko Nje na Jamaa Zao Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Safari ya kutoka Visiwani kwenda kutafuta kazi, elimu au makaazi ni jambo la zamani, na kila zama ilikuwa na njia yake ya kupeleka salamu nyumbani. Katika siku za majahazi, barua iliyotoka Unguja au Pemba kwenda Maskati ilisubiri upepo wa kusi, na jawabu yake ikasubiri kaskazi. Aliyechelewa kuandika hadi majahazi ya kusi yakaondoka, hakuwa na la kufanya ila kungoja mwaka wa pili. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na habari iliyokuwa ikichukua miezi ikawa inafika kwa saa chache. Lakini maneno yalilipiwa moja moja, kwa hivyo njia hiyo ilitumiwa zaidi na serikali na wafanyabiashara kuliko wananchi wa kawaida.

Waliosafiri katika miaka ya 1960 na 1970, wakiwemo wengi waliohamia Oman baada ya mwaka 1970, waliishi kwa barua za ndege na kwa kaseti zilizorikodiwa sauti za wazee na kupewa msafiri azifikishe kwa mkono. Barua yenyewe ilikuwa ikipitia sanduku la posta la skuli, la afisi au la mwenye duka, kwa vile si kila nyumba iliyokuwa na sanduku lake. Baadaye ikaja simu ya mkononi. Na baada ya mkongo wa SEACOM kufika pwani ya Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy kuanza kazi mwaka 2010, mawasiliano ya intaneti yalipata nguvu zaidi. Leo mama aliyeko Mkoani anaweza kumuona uso mwanawe aliyeko Toronto kwa gharama ndogo.

Pamoja na wepesi huo, jamaa bado wanapotezana. Wapo wanaokaa miezi bila ya kujua aliyeondoka yuko katika hali gani. Wapo wanaopata habari ya kifo cha mzazi kutoka kwa mtu baki. Na wapo wanaorudi baada ya miaka wakakuta mirathi imekwisha kugawiwa. Sababu yake mara nyingi si umbali wala ukosefu wa fedha, bali ni kwamba mawasiliano yameachwa yaende yenyewe, bila ya utaratibu. Maelezo yafuatayo yanakusudia kuwasaidia wananchi walioko nje, na jamaa zao waliobaki, kuuweka utaratibu huo.

Siku maalumu na saa maalumu

Jambo la kwanza, na lililo muhimu kuliko yote, ni kuafikiana siku na saa ya kuzungumza. Wengi huona kuwa, kwa vile simu ipo mkononi wakati wote, hakuna haja ya miadi. Ukweli ni kinyume chake. Anayeweza kupiga wakati wowote huahirisha kila wakati, na mwenye kungoja hajui lini aanze kuingiwa na wasiwasi.

Miadi ina faida ambayo watu wengi hawaioni: huufanya ukimya uwe habari. Zama za majahazi, mtu akinyamaza miezi sita hakuna aliyeshituka, kwani ndivyo pepo zilivyokuwa. Leo, mtu asiyekuwa na miadi akinyamaza wiki tatu, mmoja katika jamaa husema ana kazi nyingi, mwengine husema amebadilika, na hakuna anayechukua hatua. Lakini aliyezoea kupiga kila Ijumaa baada ya sala ya Isha, akikosa Ijumaa moja na ya pili, jamaa zake wanajua mara moja kwamba kuna jambo, na wanaanza kuulizia.

Utaratibu huu una umuhimu wa pekee kwa vijana, hasa wanawake, wanaokwenda kufanya kazi za majumbani katika nchi za Ghuba. Mfanyakazi wa aina hiyo huishi ndani ya nyumba ya mwajiri, na huenda simu yake ikawa haimo mikononi mwake kila saa. Kabla ya kuondoka, inafaa aache nyumbani nakala ya pasi yake ya kusafiria, nakala ya mkataba wa kazi, jina kamili la mwajiri, anuani ya nyumba, na namba ya simu ya wakala aliyempeleka. Aidha, yeye na jamaa zake waafikiane ni baada ya siku ngapi za ukimya hatua zichukuliwe, na nani atakayezichukua. Familia iliyo na karatasi hizo inaweza kufika afisini na kueleza jambo lake likafahamika. Familia isiyokuwa nazo huwa na jina la mji tu, na mtu hatafutwi kwa jina la mji.

Tofauti za saa na namba za simu

Zanzibar haibadilishi saa zake katika mwaka mzima, lakini nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hubadilisha. Kwa mfano, hapa inapokuwa saa mbili usiku, Maskati na Dubai ni saa tatu usiku, mwaka mzima. London wakati huo ni saa kumi na moja jioni katika kipindi cha baridi, na saa kumi na mbili jioni katika kipindi cha joto. Copenhagen ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi, na saa moja usiku wakati wa joto. Toronto ni saa sita mchana wakati wa baridi, na saa saba mchana wakati wa joto. Uingereza na Denmark hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Toronto hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya mwanzo ya Novemba. Wiki hizo ndizo ambazo miadi mingi huvunjika bila ya kosa la mtu.

Ipo tofauti nyengine ambayo imewatatiza wengi, nayo ni ya hesabu yenyewe ya saa. Kwa Kiswahili siku huhesabiwa tangu kucha, kwa hivyo saa nane ya mchana ni saa ambayo wageni huiita ya pili. Mtoto aliyekulia nje, akiambiwa na bibi yake apige saa nane, huenda akapiga saa ambayo kwa hesabu ya bibi ni saa mbili, asubuhi au usiku. Ni vyema familia iafikiane ni hesabu gani inayotumika, na ni saa ya nchi gani.

Kuhusu namba, anayepiga kutoka nje huanza na alama ya kujumlisha na 255, kisha huiacha sifuri ya mwanzo ya namba ya hapa. Simu za mezani za Zanzibar hufuatishwa na 24 baada ya 255. Inafaa namba zihifadhiwe kwa mfumo huo ndani ya simu, na pia ziandikwe katika karatasi. Simu ikipotea au ikiharibika, asiyekuwa na karatasi amepoteza jamaa zake wote kwa siku moja.

Ikumbukwe pia kwamba laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwengine. Msafiri aliyeiunganisha namba ya hapa na akaunti yake ya benki aiweke hai, au aibadilishe benki kabla ya kuondoka. Katika baadhi ya nchi za Ghuba, hasa Umoja wa Falme za Kiarabu, upigaji wa simu za sauti kwa kutumia baadhi ya programu za intaneti umewekewa mipaka. Anayekwenda huko aulize mapema ni njia gani inayoruhusiwa, na awajuilishe jamaa zake.

Habari njema na habari nzito

Ni ada ya waungwana kutomtia mtu wasiwasi. Aliyeko nje husema mambo ni mazuri hata akiwa hana kazi, na walioko nyumbani husema wote ni wazima hata kama mama amelazwa. Kila upande unafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini matokeo yake ni kwamba pande zote mbili huzungumza kila wiki na hakuna upande unaoujua mwengine. Aliyeko nje huja kuambiwa ugonjwa umekuwa mkubwa, wakati ambapo tiketi haipatikani na likizo haijaombwa. Nao walioko nyumbani huendelea kumuomba fedha mtu ambaye hana, kwa sababu hakuwaambia.

Historia ya visiwa hivi inao mfano wake. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844, aliondoka Unguja mwaka 1866 na kwenda kuishi Ujerumani, ambako alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Alikuwa amejifunza kuandika mwenyewe kwa siri, wakati ambao watoto wa kike hawakufunzwa kalamu. Mume wake alifariki mwaka 1870 akamuacha na watoto wadogo katika nchi ya ugeni. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Lakini uzito wa maisha yake ya huko, baridi yake, upweke wake na dhiki ya fedha, umo zaidi katika maandishi mengine aliyoyapanga kama barua za kumuandikia mtu wa nyumbani, na hayo hayakuchapishwa ila miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1924. Maneno aliyokuwa na haja ya kuyasema kwa watu wake yakaja kusomwa na watu wengine, baada ya wote waliohusika kwisha kufariki.

Hapana haja ya kila jambo kusemwa kwa kila mtu. Linalofaa ni kila familia kumteua mtu mmoja hapa, na ikiwezekana mmoja kule, ambao baina yao husemwa ukweli wote: nani anaumwa, deni ni kiasi gani, kazi ipo au haipo. Mtu huyo awe na uwezo wa kunyamaza, na awe tayari kusema pale inapobidi. Aidha, awepo na mtu wa pili wa akiba, kwani familia nyingi zimepotezana kwa sababu aliyekuwa akishika simu amehama, amegombana na wenzake au amefariki.

Fedha na gharama zake zilizojificha

Kwa walio wengi, kupeleka fedha nyumbani ni sehemu kubwa ya mawasiliano yenyewe. Fedha huweza kupelekwa kwa benki, kwa mawakala wa kuhamisha fedha, au moja kwa moja kwenye simu ya anayepokea. Kila njia ina gharama za aina mbili: ada inayotajwa, na tofauti ya bei ya kubadilisha fedha, ambayo haitajwi.

Kwa hesabu ya mfano tu, mtu aliyeko Oman anapeleka riali 100, na wakala anatoza ada ya riali 2. Iwapo bei ya soko siku hiyo ni shilingi 6,500 kwa riali moja, na wakala akahesabu shilingi 6,300, anayepokea atapata shilingi 630,000 badala ya 650,000. Shilingi 20,000 zilizopungua ni zaidi ya riali 3. Gharama ya kweli, kwa hivyo, si riali 2 bali ni zaidi ya riali 5. Njia ya kuijua ni kuuliza suali moja kabla ya kulipa: atakayepokea atatiwa mkononi shilingi ngapi? Jawabu za mawakala wawili au watatu zikilinganishwa, tofauti itaonekana. Mwaka 2015 Mataifa yaliafikiana, katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, kuzishusha gharama za kupeleka fedha nyumbani hadi chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Kwa kipimo hicho, mtu katika mfano uliotajwa bado analipa kupita kiasi.

Tahadhari ya pili ni ya udanganyifu. Ujumbe unaosema namba imebadilika na fedha zipelekwe kwenye namba mpya usifuatwe mpaka mwenyewe apigiwe kwa namba ya zamani, au jamaa wa pili athibitishe. Hivi sasa hata sauti ya mtu inaweza kuigizwa kwa mitambo. Familia ichague neno lake la siri ambalo mgeni hawezi kulijua, na liulizwe kila inapoombwa fedha ya haraka.

Tahadhari ya tatu haihusu fedha zenyewe bali heshima. Pale ambapo simu inapigwa kwa ajili ya kuomba tu, aliyeko nje huanza kuiogopa simu ya nyumbani, na mwishowe huacha kuipokea. Walioko nyumbani wanashauriwa wapige pia siku ambazo hawana haja: kueleza kwamba mvua za masika zimeanza, kwamba karafuu mwaka huu zimezaa, kwamba fulani ameposa. Habari hizo ndogo hazigharimu kitu, na ndizo zinazomfanya mtu ajione bado yumo.

Hati, majina na uraia

Mawasiliano hayawi ya maneno tu. Yapo pia ya karatasi. Mtanzania aliyeko nje anashauriwa ajiandikishe katika ubalozi wa Tanzania unaohusika na nchi aliyomo, na abadilishe maelezo yake kila anapohama. Pasi za kielektroniki, zilizoanza kutolewa mwaka 2018, zina muda wake, na nchi nyingi hazimpokei msafiri ambaye pasi yake imebakisha muda usiofika miezi sita. Aliyezembea huenda akazuilika siku ile ile anayotakiwa kusafiri kwa ajili ya msiba.

Kuhusu uraia, Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayechukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyengine hukoma kuwa raia wa Tanzania. Mtoto aliyezaliwa nje huwa raia iwapo baba au mama yake ni raia, isipokuwa pale ambapo mzazi huyo mwenyewe ni raia wa kurithi, yaani naye alizaliwa nje. Maana yake ni kwamba kizazi cha kwanza kinachozaliwa ugenini kimo ndani, lakini cha pili huenda kikawa nje bila ya wazee kutambua. Na mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili hutakiwa kuchagua mmoja anapofikia utu uzima. Wazazi wawaeleze watoto wao mambo haya mapema, kabla ya karatasi yoyote kutiwa saini.

Suala la majina linahitaji uangalifu vile vile. Kwa desturi ya hapa mtu huitwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Katika nchi nyingi za nje jina la tatu la baba huchukuliwa kuwa ni la ukoo, na mtoto huandikwa nalo. Hivyo mtoto hubeba jina la baba wa babu yake, na jina la baba yake mwenyewe halimo. Baada ya miaka thelathini, mtu huyo akija kuthibitisha kwamba ni mtoto wa fulani, karatasi zake hazisemi hivyo. Mzazi anapomuandikisha mtoto aombe majina yote matatu yaingizwe. Ikishindikana, ahifadhi cheti cha kuzaliwa chenye majina kamili ya baba na mama.

Misiba na mirathi

Kwa Waislamu, ambao ni wengi mno Visiwani, maiti hazikwi kwa kuchelewa. Mara nyingi mazishi huwa yamekwisha kabla ya ndege kuondoka huko aliko mtoto wa marehemu. Hili ni zito, na halina dawa kamili. Lakini huweza kupunguzwa uzito wake. Familia ipange tangu mapema nani atampigia nani, ili mtu asipate tanzia ya mzazi wake kwa ujumbe uliosambazwa katika kundi la WhatsApp. Habari hiyo itolewe kwa sauti, na mtu anayemfahamu. Ikiwezekana, aliyeko mbali aulizwe kama anataka kusikiliza dua na khitma kwa simu.

Kwa upande mwengine, anayefariki nje huenda akazikwa huko huko au akarejeshwa nyumbani. Kusafirisha maiti kunahitaji cheti cha kifo, vibali vya nchi husika na vya ubalozi, na gharama zake ni kubwa. Kila aliyeko nje aseme akiwa hai angependa lipi, na aandike nani aarifiwe. Kulinyamazia jambo hili hakumuongezei mtu umri, na huwaachia wenziwe mzigo wa kubahatisha.

Katika mirathi, umbali haumuondoshei mrithi haki yake. Mali ya marehemu Muislamu hulipiwa kwanza deni, kisha hutolewa wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yao, awe mrithi yuko Chake Chake au London. Hapa Zanzibar mambo hayo hushughulikiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na Mahakama za Kadhi. Lakini afisi haiwezi kumhesabu mtu ambaye haikuambiwa kwamba yupo. Aliyeko nje anapofikwa na msiba aulize nani anayesimamia mirathi, apeleke nakala ya hati zake, na asipoweza kufika amteue wakili wake kwa hati ya uwakala iliyothibitishwa ubalozini. Ahadi za mdomo baina ya ndugu zinatosha mpaka siku zinapokuwa hazitoshi.

Hali ni hiyo hiyo kwa mashamba. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Aidha, ni desturi ya siku nyingi hapa kwamba mikarafuu au minazi huweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwengine. Mtu aliyeacha mikarafuu kumi kwa kaka yake bila ya maandishi, akarudi baada ya miaka ishirini akamkuta kaka hayupo na watoto wake wameikuta mikarafuu mikononi mwa baba yao, hana wa kumlaumu. Iandikwe, mashahidi waweke saini, na sheha wa shehia ajuilishwe.

Watoto na lugha

Fungu la mwisho linahusu wale ambao hawakuondoka, bali wamezaliwa huko. Kwao nyumbani ni pahala wanapoambiwa tu. Mtoto asiyejua Kiswahili, bibi yake anapopiga, husema neno moja la salamu kisha humrejeshea mama simu. Bibi hucheka, lakini mazungumzo yamekwisha, na mzazi wa kati anapoondoka duniani hakuna tena anayeunganisha pande mbili.

Lugha haifunzwi kwa kuhimizwa. Hufunzwa kwa kuwa na kazi ya kufanya. Mtoto apewe jukumu lake katika miadi ya kila wiki: amuulize babu yake jina la samaki, amuulize shangazi namna ya kupika mkate wa kumimina, asimuliwe hadithi na yeye aisimulie wiki ya pili. Ajifunze shikamoo na jawabu yake, na ajue nani ni ami, nani ni mjomba, na kwa nini hawaitwi kwa jina moja. Siku za Sikukuu, wazazi wakumbuke kwamba mwezi huenda usiandame siku moja kila pahala. Ni vizuri kupiga siku ya Idi ya nyumbani, hata kama kule walipo wameshasali jana yake.

Hitimisho

Kwa muhtasari, kila familia yenye mtu nje inashauriwa kuwa na karatasi moja, nakala moja hapa na nyengine kule. Iwe na siku na saa ya kuzungumza. Namba za watu wawili wa kutegemewa kila upande. Anuani kamili na jina la mwajiri au chuo. Namba ya ubalozi. Tarehe ya kumalizika pasi. Na idadi ya siku za ukimya ambazo zikipita hatua ichukuliwe. Karatasi hiyo isomwe upya kila mwaka, kwa mfano mwezi wa Ramadhani unapokaribia, wakati ambao jamaa huulizana hali.

Mwananchi ambaye jamaa yake amenyamaza kupita muda waliouafikiana asingoje. Afike kwa sheha wake akiwa na karatasi hiyo, na kutoka hapo apelekwe katika afisi ya serikali inayoshughulikia Wazanzibari wanaoishi nje. Aliyeko nje naye, iwapo wiki hii hakupiga, apige leo.